Je, nirudi kwenye Meza ya Bwana na huku sisalimiani na wifi yangu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Naishi Mwandiga, nachukua dagaa pale Kibirizi na kuuza. Huu ni mwaka wa tatu sijashiriki Meza ya Bwana. Baba mkwe alipofariki aliacha shamba la michikichi, na mimi na mume wangu ndio tunalivuna mpaka leo. Wifi yangu aliyeolewa Kasulu anasema tumemdhulumu, na hatusalimiani. Nilimpigia simu mara moja, akakata. Mchungaji alihubiri kwamba anayekula bila kustahili anakula hukumu yake, na kwamba huko Korintho watu walikufa kwa jambo hilo. Tangu siku ile, sahani ikifika kwenye benchi letu naipitisha kwa jirani. Juzi mwanangu wa darasa la tatu akaniuliza, "Mama, kwani wewe hujaokoka?" Nikakosa la kumjibu. Halafu kuna mama mwenzangu wa ushirika mwingine ananiambia nisihangaike na meza hiyo, eti ni mapokeo ya wanadamu; Biblia inataka tuchinje Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa kwanza, tule na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu. Mwalimu, Pasaka na Meza vinahusianaje? Na mimi nifanye nini?

JIBU: Asifiwe milele, mama. Umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, na yote mizizi yake iko kwenye usiku mmoja wa Misri, ule ambao wazaliwa wa kwanza wa Misri walikufa na Waisraeli wakatolewa utumwani. Kwa hiyo twende kwanza huko, ndipo tuje Mwandiga na Kasulu.

Mwanao hajakukosea adabu. Amefanya kile hasa ambacho Mungu alitazamia mtoto wa nyumba ya imani akifanye. Kabla ya damu kupakwa kwenye mlango wowote, Musa aliwaambia wazee wa Israeli kwamba siku itakuja watoto wao watawauliza, "Ni nini maana yake utumishi huu kwenu?" Iko katika Kutoka 12:26. Na chakula chenyewe kiliwekwa kwa namna ambayo mtoto akikiona hawezi kunyamaza. Mnyama, awe kondoo au mbuzi, anaokwa mzima motoni pamoja na kichwa na miguu na nyama za ndani. Wakubwa wanakula haraka haraka, wamejifunga viunoni, wamevaa viatu, fimbo mkononi, na ni usiku. Mkate hauna chachu, mboga ni chungu. Kinachobaki mpaka asubuhi kinachomwa. Mtoto gani asiulize?

Sasa angalia jambo lenyewe lilivyokwenda. Siku ya kumi ya mwezi kila nyumba inachukua dume wa mwaka mmoja asiye na ila. Anakaa pale mpaka siku ya kumi na nne, muda wa kutosha watoto kumzoea, ndipo anachinjwa jioni. Damu inakingwa bakulini, shada la hisopo, mmea mdogo wa majani, linachovywa humo, damu inapakwa kwenye miimo miwili ya mlango na kizingiti cha juu, na hakuna ruhusa ya mtu kutoka nje mpaka asubuhi. Kisha Mungu anasema: "nami nitakapoiona damu, nitapita juu yenu." Hakusema nitakapowaona ninyi mlivyo. Mwenye kuharibu alipopita usiku ule hakuingia ndani kukagua nani ana moyo safi, nani amegombana na nduguye, nani alisali jana. Na tunajua waliokuwa ndani hawakuwa malaika, kwa sababu haikuchukua muda watu wale wale wakafika baharini wakamgeukia Musa wakamuuliza kama Misri hakukuwa na makaburi hata akawaleta kufia jangwani. Mzaliwa wa kwanza aliyekuwa akitetemeka nyuma ya mlango uliopakwa damu alikuwa salama sawasawa na yule aliyelala usingizi wa pono. Usalama wao ulikuwa mlangoni.

Hilo ndilo la kwanza ninalotaka ulishike, kwa sababu woga wako umesimama upande mwingine kabisa. Wewe umekuwa ukijitazama ndani, ukiona hufai, unaipitisha sahani. Lakini Pasaka tangu mwanzo ilikuwa ya watu wanaookolewa. Haikuwahi kuwa ya watu waliokwisha kuwa wema.

Lipo na la pili, na ukiliacha hili, lile la kwanza linageuka kuwa hatari. Damu ile haikuwa hirizi. Wale waliokuwa ndani walikuwa wamefunga mizigo. Mtu ambaye angepaka damu mlangoni, akavua viatu na kulala, akipanga kesho yake aamke kufyatua matofali ya Farao kama kawaida, huyo angekuwa hajaelewa kilichofanyika. Nalisema kwa uchungu, maana siku hizi tunao watu wanaoipokea Meza ya Bwana kama dawa: wanainywa ili biashara ifunguke au mgonjwa apone, na maisha yanabaki pale pale. Pasaka inakulinda bure, halafu inakutoa. Vyote viwili viko kwenye sahani moja.

Ndiyo chakula ambacho Yesu aliketi kukila Yerusalemu usiku wa mwisho. Luka anatuandikia maneno yake: "Nimetamani sana kuila pasaka hii pamoja nanyi kabla ya kuteswa kwangu." Kwa karne nyingi mkubwa wa nyumba alikuwa akieleza habari za Misri kwenye chakula hicho. Usiku ule Yesu alitwaa mkate, akashukuru, akaumega, na badala ya kueleza habari za baba zao akaeleza habari zake mwenyewe: huu ni mwili wangu unaotolewa kwa ajili yenu. Baada ya kula akatwaa kikombe, akasema kikombe hiki ni agano jipya katika damu yake. Waliomsikia walilijua tangu utoto neno la Musa alipowanyunyizia watu damu ya agano pale Sinai, na ahadi ya Yeremia sura ya 31 kwamba Mungu atafanya agano jipya, ataiandika sheria yake mioyoni, na dhambi hataikumbuka tena. Jambo moja hunisimamisha kila ninaposoma habari hizi: Injili zinataja mkate, zinataja kikombe, lakini hakuna hata moja inayotaja nyama ya mwana-kondoo ikiliwa mezani pale. Mwana-Kondoo alikuwa ameketi nao.

Yohana analisema wazi zaidi. Anaanza na Yohana Mbatizaji akimwonyesha Yesu kwa kidole, "Tazama, Mwana-kondoo wa Mungu," na anamaliza msalabani kwa mambo mawili ambayo msomaji wa Kutoka hawezi kuyakosa: sifongo ya siki ikainuliwa kwa hisopo, na miguu ya Yesu haikuvunjwa, kwa maana agizo la Pasaka lilikataza kuvunja mfupa wa mnyama. Hata saa ya kusulubiwa Yohana anaiweka kwenye maandalio ya Pasaka, na wataalamu wamejadiliana sana jinsi ya kuioanisha hesabu yake na ya Injili nyingine. Mjadala huo hauwezi kukuzuia wewe kula. Paulo alilifunga jambo zima kwa maneno machache alipowaandikia Wakorintho, miaka ishirini na kitu tu baadaye: Pasaka wetu amekwisha kutolewa kuwa sadaka, yaani, Kristo.

Na tazama waliokuwa mezani pale. Yuda alikuwapo; katika Luka, Yesu anasema mkono wa anayemsaliti uko pamoja naye mezani baada ya kikombe kutolewa. Petro alikuwapo, ambaye kabla jogoo hajawika angemkana. Na mkate ukiwa bado mdomoni, wote wakaanza kubishana nani aonekane mkubwa kati yao. Ugomvi, mama, uliingia kwenye Meza ya Bwana ya kwanza kabisa. Yesu hakuwafukuza. Alijifunga kitambaa, kama Yohana anavyoeleza, akawaosha miguu.

Kwa hiyo mwanao akikuuliza tena, usimkwepe. Mwambie hivi, kwa lugha ya nyumbani kwenu: "Mwanangu, nimeokoka, na aliyeniokoa ni Yesu. Mkate ule ni wa kukumbuka kwamba alikufa kwa ajili yangu, na kwamba yu hai na atarudi. Mimi nilikuwa nimeogopa kuula kwa sababu nina jambo na shangazi yako ambalo bado hatujalimaliza. Sasa nakwenda kulimaliza." Mtoto wa darasa la tatu anaelewa kabisa habari ya kuogopa na kupatana. Kutoka 13:8 inamtaka mzazi amwambie mwanawe kwamba hii ni kwa ajili ya yale Bwana aliyonifanyia mimi nilipotoka Misri, na maneno hayo yangesemwa na watu waliozaliwa mamia ya miaka baada ya Misri. Ndivyo Biblia inavyokumbuka. Anayekumbuka anaingia mwenyewe ndani ya tukio. Ukila, unasema mbele ya mtoto wako: nami nilikuwa ndani ya nyumba ile, nami nilitolewa.

Twende Korintho sasa, maana hapo ndipo mkuki ulipokuchoma.

Lile onyo la Paulo ni zito na mchungaji wako hakulitunga. Lakini onyo hilo lina kisa chake, na likisomwa bila kisa linaweza kuwafukuza mezani watu wanyonge na kuwaacha wenye kosa wakila kwa raha zao. Wakorintho hawakuwa na kipande kidogo cha mkate na kikombe cha ukubwa wa kizibo kama tulivyozoea. Walikutana kwenye nyumba ya mtu mwenye uwezo, na Chakula cha Bwana kilikuwa pamoja na mlo kamili. Wenye nafasi walifika mapema na vyakula vyao, wakala, wakanywa. Watumwa na vibarua, ambao saa zao hazikuwa mikononi mwao, walifika wakiwa wamechelewa na kuchoka. Wakakuta mifupa. Paulo anasema mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Ni kama ushirika mmoja huko Kibirizi ungeanza kula alfajiri wakati wavuvi wa dagaa bado wako ziwani na taa zao, wakija na makasia mabegani wanakuta sufuria zimeshaoshwa, halafu mtu anasimama na kuwaambia, karibuni sasa tuumege mkate wa umoja.

Hilo ndilo lililomkasirisha mtume. Anawauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Kula isivyostahili, mahali pale, ni kuula mwili wa Kristo huku unamkanyaga mtu ambaye Kristo huyo huyo alimfia. Wasioupambanua mwili ni watu waliotazama mkate wasimwone Bwana, wakatazama ndugu maskini wasimwone Bwana pia. Sura moja nyuma alikuwa amewaambia kwamba kwa kuwa mkate ni mmoja, sisi tulio wengi tu mwili mmoja. Ukiyasoma hayo kwa pamoja, huwezi kuona kwamba Paulo anawatisha watu wenye dhamiri inayouma. Anawatikisa watu ambao dhamiri zao zimelala.

Na wale waliougua na kufa? Paulo anasema ndivyo ilivyokuwa, nami siwezi kulipunguza neno hilo. Lakini soma mistari inayofuata: tukihukumiwa namna hiyo, Bwana anaturudi, ili tusije tukahukumiwa pamoja na dunia. Ni fimbo ya baba, ya kuwarudisha watoto. Tena dawa anayoiandika si kuikimbia meza. Anasema mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate na kukinywea kikombe. Ajihoji, kisha ale. Miaka mitatu umefanya nusu ya kwanza ya agizo hilo peke yake. Na neno lake la mwisho juu ya jambo zima ni la kawaida kabisa: ndugu zangu, mkutanikapo mpate kula, ngojaneni.

Sitaki unielewe kwamba hakuna anayezuiliwa. Katika barua hiyo hiyo, sura ya tano, kuna mtu anayeishi na mke wa baba yake, na kanisa linajivuna. Huyo Paulo anaagiza atolewe, na hapo hapo ndipo anapoandika kwamba Kristo ni Pasaka wetu, tuifanye karamu bila chachu ya uovu. Tofauti iko wapi? Yule ameikumbatia dhambi na anaitembeza barabarani. Wewe unalia kwa yako. Anayejua ana kosa na hataki kuliacha, asubiri. Anayejua ana kosa na anataka kutoka, huyo amefunga mzigo, na Pasaka ni yake.

Kuhusu mama mwenzako. Usigombane naye; bidii yake ya kulichukua Agano la Kale kwa uzito ni njema, na makanisa yetu mengi yameitupa. Akitaka kuwakalisha watoto wake usiku mmoja, kuwaonjesha mkate usio na chachu na majani machungu na kuwasimulia habari za Kutoka, ningemwambia aendelee. Ila akisema Mkristo wa Mwandiga anadaiwa kuchinja Pasaka la sivyo hamtii Mungu, hapo Torati yenyewe inampinga. Kumbukumbu la Torati sura ya 16 inakataza kumchinja Pasaka popote mtu anapokaa. Ni mahali pale tu ambapo Bwana atapachagua, na kwa Waisraeli hapo palikuja kuwa hekalu la Yerusalemu. Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, na tangu hapo Wayahudi wenyewe hawachinji. Wanaadhimisha usiku ule kwa mkate usio na chachu, mboga chungu, vikombe vinne vya divai na simulizi ya Kutoka, na mfupa uliookwa unawekwa mezani kama kumbukumbu ya sadaka. Wasamaria wachache wa mlima Gerizimu ndio wanaochinja mpaka leo, nao wanaamini mlima huo ndio mahali palipochaguliwa. Tena Kutoka 12 inasema asiyetahiriwa asile, na mitume walipokutana Yerusalemu, Matendo 15, kuamua ni yapi watwikwe waamini wa mataifa, Pasaka haikuwa kwenye orodha. Kwa Wakolosai Paulo anaziita sikukuu na miandamo ya mwezi kivuli, na mwili ni wa Kristo.

Wala Meza haikubuniwa na wanadamu. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba alichowapa ni kile alichokipokea kwa Bwana. Katikati ya karne ya pili Yustino, aliyeuawa kwa imani huko Roma, alieleza Wakristo walivyokutana Jumapili: maandiko yanasomwa, mkate unaletwa pamoja na divai iliyochanganywa na maji, kiongozi anashukuru, watu wote wanaitikia Amina, na mashemasi wanawapelekea wasiokuwapo. Msomaji wa Kigoma akiyasoma hayo anajikuta yuko kanisani kwake.

Hata habari ya tarehe 14 kanisa lilikwisha kuipitia. Yapata mwaka 155 Polikarpo, askofu wa Smirna na mzee sana, alisafiri mpaka Roma kuonana na askofu Aniketo. Makanisa ya Asia yaliadhimisha Pasaka siku ya 14 ya mwezi, siku yoyote ya wiki itakayoangukia. Roma walishika Jumapili. Walizungumza, hakuna aliyemshawishi mwenzake. Lakini Aniketo alimpa Polikarpo heshima ya kuiongoza ibada ya Ekaristi, yaani Meza ya Bwana, katika kanisa lake, na wakaagana kwa amani. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ndio uliokuja kuagiza makanisa yote yashike Jumapili moja. Ningependa wewe na mama mwenzako mfanye kama wazee wale wawili.

Kuna jambo hukuliuliza ila najua litakujia, maana Kigoma tunakaa mchanganyiko: ukoo mmoja una Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, Wasabato, na Waislamu wa Ujiji. Kila kanisa lina namna yake ya kusema ni nini hasa kinachotokea pale mezani. Wakatoliki wanaamini mkate na divai vinageuzwa kweli kuwa Mwili na Damu ya Kristo, na ndiyo maana mtu mwenye dhambi ya mauti anatakiwa apokee Kitubio kwanza, yaani aungame kwa padre. Walutheri wanakiri kwamba Kristo yupo kweli pamoja na mkate na divai. Wapentekoste na Wabaptisti wengi wanasema ni ukumbusho. Wasabato wanatangulia kuoshana miguu. Luther na Zwingli, viongozi wawili wa matengenezo ya kanisa, walikutana Marburg, Ujerumani, mwaka 1529 kuumaliza mjadala huu wakashindwa, na Luther aliandika kwa chaki mezani maneno ya Yesu, "huu ni mwili wangu," asitake kusogea. Mimi naona Paulo anatuzuia tusiufanye kuwa ukumbusho wa kichwani tu, kwa sababu anaita kikombe kile ushirika wa damu ya Kristo. Lakini fuata mafundisho ya kanisa lako kwa moyo mnyofu. Habari ya divai ya Dodoma au juisi ya zabibu, kaki au mkate wa dukani, waachie wazee wako waamue kwa utaratibu wao; si hapo ulipokwama.

Umekwama Kasulu.

Yesu alisema ukileta sadaka yako madhabahuni na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, nenda ukapatane naye, kisha urudi uitoe. Wengi wanasoma mpaka "iache" wakaishia hapo. Wewe umeiacha sadaka kwa miaka mitatu, lakini hukwenda, kwa hiyo huna pa kurudi kutoka. Simu moja iliyokatwa si kwenda. Na angalia Yesu alivyoliweka: si wewe uliye na neno juu ya ndugu yako, ni yeye aliye na neno juu yako. Wifi yako ana neno juu yenu. Je, neno lake ni la kweli?

Nakuuliza kwa upendo, kwa sababu katika barua yako umeandika kwamba mnalivuna mpaka leo na hukuandika kwamba mlimgawia. Huenda mnayo sababu. Huenda baba mkwe aliwaachia ninyi kwa maneno mbele ya mashahidi, au yeye alishapewa chake alipoolewa. Lakini kama hakuna, na kinachosemwa ni kwamba binti aliyeolewa hana fungu kwa babaye, basi mkumbuke binti za Selofehadi. Walisimama mbele ya Musa na kanisa lote kudai urithi wa baba yao, na Mungu akajibu kwamba wamesema haki. Hapo msamaha wa mdomo hautoshi. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakumwambia Yesu "nisamehe". Alitaja fungu la mali na kiasi atakachorudisha. Wakorintho walikula huku wengine wana njaa, na kama kuna mtu wa ukoo wenu anayekaa bila haki yake huku madumu ya mawese yanatoka kwenye shamba la baba yake, onyo la Paulo linaanza kuwahusu kwa njia ambayo hukuifikiria. Na dawa yake iko mikononi mwenu.

Pasaka haikuliwa na mtu mmoja mmoja. Agizo lilisema kama watu wa nyumba ni wachache kwa mwana-kondoo mmoja, wachukue pamoja na jirani aliye karibu na nyumba yao. Na Wamoravian wa Tabora na Urambo wanaijua tarehe 13 Agosti. Mwaka 1727 wakimbizi waliokuwa wamekusanyika Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wamegawanyika kwa mabishano hata kijiji kilikuwa karibu kuvunjika. Kwa miezi kadhaa walitembeleana, wakaungama, wakaandikiana mapatano, na siku hiyo wakashiriki Meza pamoja kwenye kanisa la Berthelsdorf. Miaka mitano baadaye walituma wamisionari wao wa kwanza, na kanisa lao ndilo lililokuja kuipokea kazi ya Urambo mwaka 1898. Walipatana kwanza kwa miguu, nyumba kwa nyumba, ndipo wakala.

Basi panga safari. Usiende peke yako. Mumeo ndiye ndugu yake wa damu, na jambo hili ni lake kabla halijawa lako. Chukueni mzee mmoja wa ukoo ambaye wifi anamheshimu, na kama mchungaji wake wa Kasulu anaweza kukaa nanyi, vizuri zaidi. Kabla ya kuondoka, kaeni na mumeo mhesabu kwa uaminifu shamba limewapa nini na ni kiasi gani mko tayari kugawana, ardhi yenyewe au mavuno ya kila msimu. Mkifika, anzeni na hilo, msianze na nani alimtukana nani. Asipotaka kuwapokea, mwacheni mzee arudi tena bila ninyi. Paulo anasema kama yamkini, kwa upande wenu, mkae kwa amani na watu wote. Upande wenu ukishafanyika kwa haki, na yeye bado amefunga mlango, hukumu ya mlango huo si yako tena na isikuzuie mezani.

Wakati huo huo mwone mchungaji wako katikati ya wiki, si Jumapili mlangoni watu wakisukumana. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, mkaombe pamoja, na umwambie safari mmeipanga lini. Kama kanisa lenu lina utaratibu wa kumrejesha mtu aliyekaa muda mrefu bila kushiriki, ufuate bila kuona aibu. Kisha Jumapili ya Meza ikifika na sahani ikaja kwenye benchi lenu, chukua mkate, ule.